Mshahara wa Dereva Hugawanywa kwa Tani

Ukisimama njiapanda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, lori halikosekani. Barabara itokayo Kahama hugawanyika hapo. Tawi moja hushuka Kakonko, Kibondo na Kigoma. Jingine hupanda Lusahunga, likaingia wilaya ya Ngara na kufika mpakani: Rusumo kwa wanaokwenda Rwanda, Kabanga kwa wanaokwenda Burundi. Mafuta, saruji, ngano na mabati kutoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapa. Utingo hushuka na rungu, akagonga tairi moja moja huku akisikiliza mlio wake. Dereva hutafuta chakula, na habari za barabara ya mbele.

Ukikaa nao kwenye benchi la mama ntilie, hutachelewa kusikia ubishi wa siku zote. Dereva anasema posho ya safari haitoshi. Mwenye lori, akiwa upande wa pili wa simu, anajibu kwamba mishahara ndiyo inayommaliza. Ubishi huohuo, kwa lugha nyingine na fedha nyingi zaidi, huzuka kila baada ya miaka michache huko Marekani na Ujerumani, kwenye viwanda vya magari. Je, kumlipa vizuri fundi wa kiwandani kunaiua kampuni ya magari?

Zamani swali hili lilimhusu mkazi wa Ngara kwa mbali sana. Sasa limemfikia mlangoni. Chini ya ardhi ya Kabanga kuna nikeli, madini yanayotumika katika betri za magari ya umeme, na mradi wa kuyachimba umeshapewa leseni. Kila inapozungumzwa ajira ya mgodi huo, haikosi sauti inayosema kwamba mtaji wetu ni nguvu kazi ya bei nafuu. Tusidai mengi, mwekezaji asije akakimbia. Kauli hiyo ina busara ya juujuu. Ukiipima kwa historia ya viwanda vya magari, na kwa historia ya Kabanga yenyewe, haisimami. Ili tuone inapoangukia, tuanze na lori letu la Nyakanazi.

Hesabu ya lori

Tuchukulie dereva analipwa shilingi 300,000 kwa safari, na lori limebeba tani 30. Kila tani imebeba shilingi 10,000 za dereva. Safari inayofuata mzigo umekuwa haba, lori limeondoka na tani 15 tu. Dereva kalipwa kilekile, lakini sasa kila tani imebeba shilingi 20,000. Hakuna aliyeongezewa hata senti, na bado gharama ya dereva kwa tani imekuwa maradufu.

Igeuze hesabu hiyo. Mwenye lori amempandishia dereva hadi 360,000, lakini safari hii amepata mzigo wa kwenda na wa kurudi, tani 30 kila upande. Mshahara umepanda kwa asilimia 20. Gharama kwa tani imeshuka hadi shilingi 6,000.

Rusumo ilifundisha somo hili kwa vitendo. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, malori yakipita moja moja, na karatasi zilikaguliwa upande huu kisha zikakaguliwa tena upande ule. Mwaka 2016 daraja jipya na kituo cha pamoja cha mpakani vilizinduliwa, maofisa wa Tanzania na Rwanda wakafanya kazi chini ya paa moja. Muda uliookolewa mpakani ni muda ambao lori linatembea na dereva anazalisha. Gharama ya safari ilipungua bila mtu kugusa posho yake.

Kwa hiyo mshahara peke yake hauelezi kama kazi ni ghali au rahisi. Lazima uugawanye kwa kile kilichozalishwa. Tija ndiyo huamua kama mshahara mkubwa ni mzigo au si mzigo.

Dola 5 za Henry Ford

Mfano mkongwe wa hesabu hii katika viwanda vya magari ni wa Januari 1914. Henry Ford alitangaza kwamba wafanyakazi wake watalipwa dola 5 kwa siku ya saa 8, wakati ujira wa kawaida kiwandani kwake ulikuwa chini kidogo ya nusu ya hapo, tena kwa siku ya saa 9. Wenzake walimwona kama mtu anayechoma nyumba yake.

Ford hakuwa akitoa sadaka. Alikuwa amebuni mstari wa kuunganisha gari, ambapo gari humfuata fundi badala ya fundi kulifuata gari. Kazi ya kuunganisha fremu ya Model T, iliyochukua zaidi ya saa 12, ikashuka hadi dakika 93. Lakini kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha akili, kukaza nati ileile kutwa nzima, na watu waliikimbia. Mwaka 1913, ili kuwa na wafanyakazi wapatao 14,000, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya watu 50,000. Kila anayeondoka huondoka na ujuzi wake, na kila mgeni huharibu vitu akijifunza.

Mshahara mpya ulizima mkimbio huo. Watu walibaki, mstari haukusimama, na bei ya gari ikaendelea kushuka: kutoka zaidi ya dola 800 Model T ilipoanza kuuzwa mwaka 1908, hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Dola 5 hizo zilikuwa na masharti, na kampuni ilituma wakaguzi hadi majumbani kuchungulia maisha ya wafanyakazi, jambo ambalo leo tungeliita uonevu. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Mshahara ulipanda maradufu, gari likawa rahisi.

Pale mshahara ulipogeuka jiwe

Hadithi isingekuwa kamili tungeishia hapo. Juni 2009, General Motors (GM), kampuni ya magari iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa miongo mingi, iliomba kinga ya ufilisi. Wengi walinyooshea kidole mishahara. Takwimu iliyosambaa wakati huo ilisema fundi wa Detroit, kitovu cha viwanda vya magari vya Marekani, anagharimu zaidi ya dola 70 kwa saa.

Dola hizo hazikuwa zikiingia mfukoni mwa fundi. Mshahara wenyewe ulikuwa dola 28 hivi. Sehemu kubwa ya pengo lililobaki ilitokana na marupurupu pamoja na pensheni na matibabu ya wastaafu, watu walioahidiwa matunzo hayo zamani, kampuni ilipokuwa ikiuza karibu nusu ya magari yote ya Marekani. Soko lilipochukuliwa na Toyota, Honda na wengine, wastaafu wa GM walikuwa wengi kuliko waliobaki kazini. Ni lori la tani 15 lililobeba ahadi za tani 30. Viwanda vya Toyota ndani ya Marekani vilikuwa vikilipa ujira usiopishana sana na wa Detroit, ila vilikuwa vipya, vina wafanyakazi vijana na karibu havina wastaafu, na magari yake yalitoka kwa wingi.

Ujerumani imepata msiba wa aina hiyo hivi karibuni. Mwishoni mwa mwaka 2024, Volkswagen ilitishia kufunga viwanda nyumbani kwake kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mwezi Desemba ikakubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 hadi mwaka 2030. Mishahara ya Ujerumani ni mikubwa, hilo halina ubishi. Ila ilikuwa mikubwa pia miaka 10 kabla, faida zilipokuwa nono. Kilichobadilika ni mauzo: China, lililokuwa soko lao kubwa kabisa, ilianza kununua magari ya umeme ya kampuni zake yenyewe kama BYD.

Mgomo wa mwaka 2023 unaonyesha upande wa pili. Septemba 15 mwaka huo, chama cha wafanyakazi wa magari cha Marekani, UAW, kiligoma katika Ford, General Motors na Stellantis kwa wakati mmoja. Baada ya wiki sita hivi wakapata nyongeza ya asilimia 25 hadi mwaka 2028. Ford ilisema mkataba huo utaongeza gharama ya dola 900 kwa kila gari ifikapo 2028. Ni fedha nyingi, hadi uziweke kando ya bei: gari jipya Marekani lilikuwa likiuzwa kwa wastani wa karibu dola 48,000. Nyongeza iliyosimamisha viwanda na kuzua kelele dunia nzima ni chini ya asilimia 2 ya bei hiyo. General Motors nayo, mwezi mmoja tu baada ya kupatana, ilitangaza kununua hisa zake yenyewe kwa dola bilioni 10. Mfuko haukuwa mtupu.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Magari yameunganishwa Thika, Nairobi, Mombasa na Kibaha kwa nyakati tofauti, kwa mishahara ambayo fundi wa Detroit angeicheka. Hata hivyo gari jipya lililounganishwa hapa huelemewa na gari kuukuu linaloshushwa bandarini kutoka Japani, nchi inayolipa mara nyingi zaidi ya sisi. Sababu kuu ni uchache. Kiwanda kinachoweza kutoa magari mengi kikitoa machache, gharama ya mashine, umeme na usimamizi hugawanywa kwa magari hayo machache. Mshahara mdogo hauwezi kuziba tundu hilo.

Miaka 50 ya mshahara mdogo

Turudi Ngara. Kabanga ndiyo shahidi mkuu wa hoja hii.

Nikeli yake ilianza kufuatiliwa miaka ya 1970, katika utafiti uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Miaka ya 1990 ikaingia Sutton Resources ya Canada. Mwaka 1999 Barrick ikainunua Sutton na kupata Kabanga ndani yake, kisha ikashirikiana na kampuni ambazo mwisho wake ziliangukia mikononi mwa Glencore. Mashimo ya utafiti yalichorongwa, sampuli zikapimwa, ripoti zikaandikwa. Mwaka 2018, baada ya sheria ya madini kubadilishwa, leseni ya kuhodhi eneo hilo ilifutwa pamoja na nyingine za aina yake. Januari 2021 Serikali ilisaini makubaliano mapya, ikazaliwa kampuni ya Tembo Nickel ambayo Serikali inamiliki asilimia 16 bila kutoa fedha, na leseni maalumu ya uchimbaji ikafuata Oktoba mwaka huohuo.

Katika miaka yote hiyo, kijana wa Ngara, Mhangaza au Mshubi, alikuwa tayari kufanya kazi kwa ujira mdogo. Nguvu kazi ya bei nafuu ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nikeli haikutoka.

Kilichokosekana ni vitu vingine, na kila kimoja kina uzito mkubwa kuliko mshahara. Cha kwanza ni umeme. Mgodi wa chini ya ardhi hunyonya umeme mchana na usiku kusukuma hewa, kuvuta maji na kusaga mawe, na kwa miaka mingi Ngara haikuwa imefikiwa na Gridi ya Taifa. Mradi wa maporomoko ya Rusumo wa megawati 80, unaogawanywa sawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, pamoja na njia kubwa ya umeme ya kwenda Nyakanazi, umebadilisha hali hiyo. Cha pili ni usafiri, maana kutoka Kabanga hadi bahari ya Hindi unakatiza nchi nzima. Cha tatu ni makubaliano ya nani anamiliki nini. Cha nne ni bei ya soko, na hiyo hakuna mtu wa Ngara wala Dodoma anayeiamua.

Biharamulo wanalijua somo la umeme kwa jina la mgodi wao. Dhahabu ya Tulawaka ilianza kuchimbwa mwaka 2005, na mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kwa shirika la umma, STAMICO, ukaitwa STAMIGOLD. Kwa miaka uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli. Mafuta yaliposafirishwa kutoka pwani hadi huko na kuchomwa saa 24, gharama yake ilimeza kipato cha mgodi kabla ya jambo jingine. Nafuu ilikuja ulipounganishwa na Gridi ya Taifa. Nafuu hiyo haikutoka kwenye kukata mishahara ya wafanyakazi.

Soko nalo lina vitimbi vyake. Machi 2022 bei ya nikeli mjini London ilipaa kupita dola 100,000 kwa tani hadi biashara ikasimamishwa. Miaka miwili baadaye ilikuwa ikicheza chini ya dola 20,000. Indonesia, inayochimba zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia, ilifurika sokoni. BHP ilisimamisha migodi yake ya nikeli nchini Australia mwaka 2024, na mwaka 2025 ikauza pia hisa zake katika mradi wa Kabanga kwa mshirika wake, Lifezone Metals. Tena si kila gari la umeme linahitaji nikeli: betri za chuma na fosfeti zinazopendwa na BYD hazina hata chembe yake. Mshahara wa mchimbaji upunguzwe, uongezwe, mawimbi hayo hayaoni.

Kilo 20 katika tani

Upembuzi yakinifu wa mradi wa Kabanga uliotolewa Julai 2025 ulieleza hazina ya tani milioni 52 za mbale zenye nikeli ya karibu asilimia 2, mgodi wa kuchimba tani milioni 3.4 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 18.

Asilimia 2 maana yake ni hii: katika tani moja ya jiwe mna kilo 20 tu za nikeli, na shaba na kobalti kidogo. Karibu kilo 980 zilizobaki ni mawe ya kawaida. Kwa kipimo cha nikeli hiyo ni mbale tajiri, lakini inaonyesha tija ya mgodi inatoka wapi. Mchimbaji mmoja aliyekaa kwenye mashine yenye uwezo, aliyefunzwa asiiharibu, huhamisha mawe ambayo mamia ya watu wenye sururu wasingeyamaliza. Mtu huyo akilipwa vizuri, mshahara wake ukagawanywa kwa kilo za nikeli, unabaki kidogo. Akilipwa vibaya akaondoka baada ya miezi sita kwenda migodi ya Geita au Bulyanhulu, mgodi utafanya kama Ford mwaka 1913: kufundisha watu wapya kila kukicha.

Upande wa mfanyakazi nao una la kujifunza kutoka Detroit. Ajira za mgodi wa kisasa ni chache kuliko matarajio ya vijiji vinavyouzunguka. Mishahara yake ikiwa juu sana ya kipato cha mji, kodi ya chumba hupanda, fundi mzuri wa mtaani huvutwa mgodini, na mwalimu hujikuta akibanwa na bei zisizomhusu. Isitoshe, mgodi una siku ya mwisho. Tulawaka ilidumu miaka 8 mikononi mwa wawekezaji wake wa kwanza. Ahadi iliyofungwa kama vile lori litajaa milele ndiyo iliyoizamisha GM.

Ndiyo maana mkataba wa hali bora, unaojadiliwa na vyama vya wafanyakazi wa migodini kama TAMICO na NUMET chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ni wa maana kuliko tangazo lolote. Kima cha chini huamuliwa na Serikali, nacho kimesogea: wastani wa sekta binafsi umepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Hiyo ni sakafu. Juu yake, mkataba unaweza kuweka mshahara wa msingi usioyumba na bonasi inayofuata tani na bei, ili nikeli ikipaa mfanyakazi apae nayo, na ikianguka mgodi usifungwe. Unaweza kudai michango ya hifadhi ya jamii ilipwe mwezi kwa mwezi, isibaki ahadi kama ile ya wastaafu wa Detroit. Na unaweza kudai mafunzo, maana fundi wa umeme au wa mashine nzito anaondoka na ujuzi wake mgodi ukifungwa. Mazungumzo yakikosekana, kinachobaki ni yale ya Bulyanhulu, Oktoba 2007, ambapo wafanyakazi waligoma, kampuni ikauita mgomo batili, na wengi wakapoteza kazi.

Mzigo wa kurudi

Kuna jambo moja ambalo madereva wa Nyakanazi wanalijua bila kusoma upembuzi wowote. Malori huelekea magharibi yamejaa, na mengi hurudi mashariki matupu, kwa sababu Rwanda na Burundi huagiza mizigo mingi kuliko ile zinayosafirisha nje. Safari ya kurudi mtupu ndiyo inayoifanya posho ya dereva ionekane kubwa.

Makinikia ya Kabanga, yaani mchanga wa madini uliochambuliwa mgodini, yangekuwa mzigo wa kurudi. Yangepita Lusahunga na Nyakanazi kwenda Kahama, ambako kiwanda cha kusafisha metali kimepangwa kujengwa katika eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Yakiishia hapo na kutoka yakiwa nikeli safi, lori moja litakuwa limebeba thamani ambayo makinikia ghafi yangehitaji malori mengi kuifikisha bandarini, na mgawanyo wa mshahara utakuwa mwepesi kwa kila mtu aliye kwenye mnyororo, kuanzia mchimbaji hadi utingo. Yakipitiliza hadi melini, sehemu nono ya hesabu itagawanywa ughaibuni, na sisi tutabaki tukibishana juu ya posho.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukiitishwa Ngara, na mgeni akasema faida ya eneo hili ni kwamba watu wake hawadai mengi, kuna maswali ya kumuuliza kabla ya kupiga makofi. Kila mfanyakazi atahamisha tani ngapi? Nani atamfunza kuendesha mashine hiyo? Makinikia yatasafishwa wapi? Akishayajibu hayo, ndipo mazungumzo ya mshahara yaanze.